Cheti, Mfupa na Mvi: Kwa Nini Mwili Hauna Umri Mmoja

Kila mashindano ya soka ya vijana chini ya miaka 17 yanapokaribia, mabishano ya vijiweni huwa yale yale. Mchezaji ana cheti cha kuzaliwa, ana barua ya shule, mama yake mzazi yupo na anautaja mwaka aliomzaa, lakini kipimo cha MRI, yaani mashine inayopiga picha za ndani ya mwili, kimemkataa. Wapo wanaosema mashine haidanganyi, dogo ni mzee. Wapo wanaosema mashine hizo hazijui mifupa yetu. Tanzania ina kidonda chake katika jambo hili: mwaka 2005 Serengeti Boys, timu ya taifa ya vijana hao, waliondolewa kwenye fainali za Afrika kwa kosa la kumtumia mchezaji aliyezidi umri, na Zimbabwe ikapewa nafasi yao. Tangu FIFA ilipoanza kutumia MRI ya kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la vijana hao mwaka 2009 nchini Nigeria, mabishano yamepata tu msamiati mpya.

Pande zote mbili zinateleza mahali pamoja. Zinadhani mwili una umri mmoja uliofichwa ndani yake, na kwamba kazi ya mashine ni kuusoma tu kama mtu anavyosoma saa ya ukutani. Dhana hiyo hiyo ndiyo inayomtia hofu mama ambaye mtoto wake wa mwaka mmoja hajatembea. Ndiyo inayomfanya baba aamini binti yake wa miaka 13 ni mwanamke kamili, na ndiyo inayowafanya majirani wamtazame bibi mwenye macho mekundu kwa jicho baya. Kwa hiyo si suala la mpira peke yake.

Tuanze na maneno. Umri wa kalenda ni hesabu ya miaka tangu mtu azaliwe. Huo ndio ulio kwenye cheti. Umri wa mwili ni hatua ambayo kiungo fulani kimefikia, kikilinganishwa na cha watu wengi waliozaliwa mwaka ule ule. Ukuaji ni kuongezeka ukubwa: urefu, uzito, mzingo wa kichwa. Makuzi ni kupata uwezo: kukaa, kusema, kusubiri zamu, kupima jambo kabla ya kuamua. Kuzeeka ni kupungua taratibu kwa akiba ya kiungo, yaani ile nguvu ya ziada ambayo huihitaji siku za kawaida lakini unaitafuta siku ya homa kali au ya upasuaji.

Sasa fikiria shamba la mseto. Mvua za kwanza zimenyesha, nawe umepanda mahindi, maharage na mihogo kwa siku moja. Baada ya miezi mitatu maharage yameshavunwa, mahindi ndiyo kwanza yanakomaa, na mihogo haijaanza hata kunenepa. Akija mgeni akakuuliza shamba lina umri gani, ukimtajia tarehe ya kupanda utakuwa umesema kweli, lakini hujamwambia achume nini na aache nini ardhini.

Mwili wa binadamu ndivyo ulivyo. Mwaka 1930 mwanaanatomia wa Marekani, Richard Scammon, alichora mistari minne ya ukuaji ambayo wanafunzi wa udaktari wanafundishwa hadi leo. Mstari wa ubongo na kichwa unapaa kwa kasi tangu mwanzo na kukaribia kilele mtoto akiwa bado anang'oka meno ya utoto. Mstari wa tezi za kinga, zikiwamo zile za kooni, unavuka hata ukubwa wa mtu mzima kwenye miaka 10 hadi 12, kisha unashuka. Ndiyo maana ukimwangalia kooni mwanafunzi wa darasa la tatu unakuta tonsili kubwa ambazo kwa mtu mzima zingekushtua. Mstari wa mifupa na misuli unakwenda kasi, unapoa, halafu unachomoka tena wakati wa balehe. Na mstari wa viungo vya uzazi unalala kimya miaka kumi hivi, kisha unaamka kwa kishindo. Mistari minne ndani ya mtu mmoja.

Wazee wetu walioandikishwa shule enzi ambazo vyeti vya kuzaliwa vilikuwa nadra waliitumia elimu hii bila kujua jina lake. Mwalimu alimwambia mtoto apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa na ashike sikio la kushoto. Aliyefikia aliandikishwa, asiyefikia alirudishwa nyumbani akasubiri mwakani. Wengi wanausimulia mtihani huo kama kichekesho cha ukoloni, lakini una mantiki. Mtoto anapozaliwa, kichwa chake ni kama robo ya urefu wote wa mwili. Kwa mtu mzima ni kama sehemu moja kati ya saba au nane. Kufikia miaka sita kichwa kimeshamaliza karibu safari yake yote, wakati mikono ndiyo inarefuka. Kwa hiyo uwiano wa mkono na kichwa unabadilika sana katika kipindi kile kile cha kuanza shule. Kasoro yake ilikuwa kwa mtoto aliyedumaa: kichwa kilikuwa cha miaka saba, mikono ya miaka mitano, naye akahesabika hajafika umri. Hapo ndipo unaona kwamba mtihani ulipima kiungo tu, na watu wakaupokea kana kwamba umepima miaka.

Mtoto wa jirani na mtoto wako

Hofu ya kwanza ya wazazi huwa kutembea. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilifuatilia watoto wenye afya, wanaonyonya na kutunzwa vizuri, katika nchi za Ghana, India, Norway, Oman na Marekani ili kujua stadi za mwili huja lini. Matokeo yaliyotoka mwaka 2006 yalitoa dirisha pana kuliko wengi wanavyodhani. Kukaa bila kushikwa kulikuja kati ya miezi 4 na 9 hivi. Kutembea bila msaada kulianzia miezi 8 na kwenda hadi miezi 17 na nusu. Soma tena: mtoto anayetembea na miezi 9 na mwingine anayetembea na miezi 17 wote wamo ndani ya kawaida, na wa kwanza hajamzidi wa pili akili. Tena watoto kama 4 katika kila 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Walikaa, wakasimama dede, wakaenda zao.

Vile vigari vya magurudumu ambavyo mtoto huwekwa ndani ili awahi kutembea havimsaidii kuwahi. Vinachomsaidia ni kumfikisha haraka kwenye jiko la mkaa na kwenye ngazi, na Kanada ilivipiga marufuku mwaka 2004. Kinachopaswa kumpeleka mzazi kliniki ni mambo mawili: mtoto kufikisha miezi 18 bila kutembea, na, zito zaidi, mtoto wa umri wowote kupoteza uwezo aliokuwa nao. Aliyekuwa anakaa akaacha kukaa, aliyekuwa anasema maneno akanyamaza, huyo hangojwi hata wiki.

Meno nayo yana kisa chake. Katika baadhi ya maeneo ya Tanzania mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, watu husema ameota "meno ya plastiki", kisha fizi hupasuliwa na kinachotolewa hakina plastiki yoyote: ni chipukizi laini la jino la chonge ambalo bado halijaiva. Desturi kama hiyo ipo Uganda pia. Kuharisha hakutoki kwenye fizi. Hutoka kwenye vijidudu, kwa sababu umri huo ndio mtoto anaanza kushika kila kitu na kukitia mdomoni. Mambo mawili yamekuja kwa wakati mmoja, na moja likabebeshwa lawama ya lingine. Kisu kichafu mdomoni mwa mtoto wa miezi mitano kinaweza kumletea maambukizi ya kumuua.

Kwenye urefu, uvumi ni wa aina nyingine. Watoto huambiana "usiniruke, sitakua", na hilo halina madhara. Lenye madhara ni watu wazima kusema mtoto ni mfupi kwa sababu ukoo wao ni wafupi. Urithi upo, hakuna anayeukataa. Lakini WHO walipowapima watoto wa chini ya miaka mitano waliolelewa katika hali nzuri kwenye nchi sita, zile tano pamoja na Brazil, walikuta tofauti ya urefu kati ya nchi na nchi ni ndogo mno. Mtoto wa Accra, wa Muscat na wa Oslo walikwenda karibu sambamba. Tofauti kubwa ilikuwa kati ya mtoto mmoja na mwingine ndani ya mji ule ule. Kwa hiyo eneo zima likiwa na watoto wafupi, maelezo ya ukoo hayatoshi.

Huo ndio udumavu: urefu wa mtoto kuwa chini sana ya unaotarajiwa kwa umri wake, kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya mara kwa mara, hasa katika siku 1000 za mwanzo, kuanzia mimba kutungwa hadi atimize miaka miwili. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Kenya mwaka huo huo ilikuwa 18. Na ndani ya Tanzania, Iringa, mkoa wa mahindi na viazi, ilikuwa juu ya nusu. Chakula kipo, ila mtoto anapewa uji mweupe asubuhi na ugali jioni, mayai yanakwenda sokoni, na mama anashinda shambani. Tumbo linajaa, mfupa haupati wa kujengea. Kwa kuwa ubongo ndio wa kwanza kwenye foleni ya ukuaji, miaka hiyo miwili ya mwanzo haina marudio. Mihogo unaweza kuichelewesha. Maharage ya msimu huu yakikosa mvua, yamekosa.

Kuvunja ungo na kuwa tayari ni mambo mawili

Balehe huanza kwa wasichana kati ya miaka 8 na 13, na kwa wavulana kati ya 9 na 14. Ishara ya kwanza kwa msichana huwa matiti kuanza kutokeza. Hedhi huja baadaye, mara nyingi baada ya miaka miwili au zaidi. Kwa mvulana ishara ya kwanza ni korodani kuongezeka ukubwa, jambo ambalo hakuna anayeliona. Sauti nzito na ndevu huja nyuma. Wasichana hutangulia kurefuka kwa kama miaka miwili, ndiyo sababu darasa la sita huwa na wasichana warefu wanaowatazama wavulana kutoka juu, na kidato cha tatu mambo yakageuka.

Siku hizi kuna malalamiko kwamba watoto wanabalehe mapema, na wa kulaumiwa amekuwa kuku wa kisasa. Inasemwa kuku hao wanakuzwa kwa homoni, zinaingia kwa mtoto. Kuku wa nyama hukua haraka kwa sababu ya miongo mingi ya kuchagua mbegu inayokua haraka, na kwa chakula kilichopimwa. Kuhusu umri wa hedhi ya kwanza, umekuwa ukishuka tangu kabla ya kuku hao kuwapo: Ulaya ulishuka kutoka kama miaka 16 au 17 karne ya 19 hadi karibu 13 katikati ya karne ya 20, kadiri lishe na afya zilivyoboreka. Mwili wa msichana huhesabu akiba ya mafuta na afya kabla ya kufungua mlango huo, na akiba hiyo leo inajaa mapema. Dalili zikianza kabla ya miaka 8 kwa msichana au 9 kwa mvulana, hapo daktari anahitajika, na kumnyima mtoto kuku hakutasaidia kitu.

Pale ninapoona kosa kubwa zaidi ni katika kuchukua hedhi ya kwanza kama tangazo kwamba mwili wote umefika. Hedhi inaonyesha kwamba mstari mmoja umeamka. Nyonga ina kalenda yake. Utafiti uliofanywa Zurich na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba njia ya uzazi kwenye nyonga za wanawake huendelea kupanuka muda mrefu baada ya balehe na kufikia nafasi yake kubwa kati ya miaka 25 na 30. Binti wa miaka 14 anaweza kushika mimba wakati mifupa itakayompitisha mtoto haijamaliza kazi. Hapo ndipo uchungu pingamizi, yaani mtoto kukwama njiani wakati wa kuzaliwa, unapotokea, na baadhi ya wanaonusurika wanabaki na fistula, mkojo ukivuja bila kizuizi.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi, na hata 14 kwa idhini ya mahakama, huku umri wa kawaida wa mvulana ukiwa 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alikwenda mahakamani kuvipinga vifungu hivyo, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana na hukumu hiyo mwaka 2019. Katika mabishano ya nje ya mahakama hoja iliyosikika sana ni kwamba msichana hukomaa mapema kuliko mvulana. Hukomaa mapema kitu gani? Urefu, ndiyo. Matiti, ndiyo. Nyonga, hapana. Uamuzi wa maisha, tutaona sasa hivi.

Turudi kwa mchezaji wetu. Karibu na ncha za mifupa mirefu kuna utepe wa gegedu, tishu laini ambayo bado haijawa mfupa, na hapo ndipo mfupa hurefukia. Balehe inapoiva, homoni ya estrojeni, ambayo wanaume nao wanayo, huufunga utepe huo ukawa mfupa mtupu. MRI ya kifundo cha mkono huangalia kama utepe umefungika kabisa. Kwa wavulana wengi hilo hutokea baada ya kutimiza miaka 17, ndiyo sababu aliyefungika kabisa anaenguliwa. Lakini "wengi" si "wote". Wapo wachache waliobalehe mapema ambao utepe hufungika kabla, na hao watakataliwa wakiwa na cheti cha kweli. Na wapo wenye miaka 19 ambao utepe bado uko wazi, hao watapita wakiwa na cheti cha uongo. Kipimo kinapunguza udanganyifu. Umri wa kalenda hakiujui.

Hoja ya kwamba mifupa ya Kiafrika inakomaa mapema nayo haiwatetei wachezaji kama wanavyodhani wanaoitoa. Lishe duni na maradhi ya utotoni huchelewesha mifupa kukomaa. Kijana aliyekulia kwenye shida kwa kawaida mfupa wake uko nyuma ya cheti. Yaani kipimo kinampa nafuu, hakimwonei. Kweli, atlasi ya picha za mkono ambayo madaktari duniani waliitumia kwa miongo mingi, ile ya Greulich na Pyle, ilitokana na watoto wa familia zenye uwezo wa Cleveland, Marekani, waliopigwa picha miaka ya 1930 na mwanzoni mwa 1940. Kuitumia kama msahafu kwa kijana wa Kigoma ni ujasiri uliopitiliza.

Ubongo na namba 25

Siku hizi kila mtu mitandaoni anajua kwamba ubongo hukomaa ukiwa na miaka 25. Vijana wanaitumia kujitetea, wazazi wanaitumia kuwanyamazisha. Namba hiyo haina mpaka wowote nyuma yake. Ni kweli kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kupanga, kujizuia na kupima matokeo, huchelewa kukomaa na huendelea kujijenga hadi miaka ya ishirini na kitu. Sehemu zinazohusika na msisimko na kutafuta sifa mbele ya wenzako huwaka mapema zaidi, pamoja na balehe. Hiyo ndiyo sababu kijana wa miaka 16 akiwa peke yake anaweza kukupa jibu la busara kuhusu bodaboda na mwendo kasi, kisha jioni wenzake wakiwa wanamtazama akafanya kinyume. Lakini hakuna jambo linalotokea usiku wa kuamkia miaka 25. Mabadiliko ni mteremko, na baadhi ya tafiti zilizozaa namba hiyo ziliishia tu kwa watu wa miaka ya ishirini, basi na mstari ukaishia hapo.

Zaidi ya hapo, uwezo wa akili wenyewe hauna kilele kimoja. Mwaka 2015 Joshua Hartshorne na Laura Germine walichapisha matokeo ya majaribio ya maelfu ya watu wa umri mbalimbali. Kasi ya kuchakata mambo ilikuwa juu kwa watu wa miaka 18 au 19. Uwezo wa kusoma hisia kwenye macho ya mtu mwingine ulikuwa juu kwa watu wa miaka ya arobaini na hamsini. Msamiati uliendelea kupanda hadi miaka ya sitini. Mzee anayekushinda kwenye mashairi na kushindwa na wewe kwenye mchezo wa simu hajakuzidi wala hujamzidi.

Kuzeeka kunaanza mapema kuliko unavyodhani

Watu husema mtu hukua hadi anafika, anakaa hapo kidogo, kisha anaanza kushuka. Mwili haukusubiri ufike. Lenzi ya jicho huanza kukakamaa tangu utotoni. Mtoto wa miaka 10 anasoma kitu kilicho karibu kabisa na pua yake. Uwezo huo unapungua kila mwaka bila yeye kuhisi, mpaka kwenye miaka 40 na kitu anapojikuta anasogeza simu mbali ili aone jina la anayepiga. Hiyo si dalili ya ugonjwa, na miwani ya kusomea haiharibu macho. Sikio nalo hupoteza sauti nyembamba sana tangu ujana. Na ovari ndiyo imetangulia vyote: mayai ya msichana huwa mengi kuliko wakati wowote akiwa bado tumboni mwa mama yake, kama milioni 6 au 7, huzaliwa na milioni 1 au 2, na anapovunja ungo yamebaki laki chache. Kiungo kimoja kilianza kuhesabu kurudi nyuma kabla mwenye nacho hajalia kilio cha kwanza.

Kwa sababu hiyo kukoma kwa hedhi, kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55, si mwanzo wa uzee. Ni kiungo kimoja kilichomaliza akiba yake huku moyo, ubongo na misuli vikiendelea na ratiba zao. Joto la ghafla usiku, usingizi wa mang'amung'amu na hasira za karibu vinatokana na estrojeni kushuka, na vina tiba. Daktari husema hedhi imekoma baada ya miezi 12 mfululizo bila damu. Damu ikitoka baada ya hapo, si ujana uliorudi, na hospitali haisubiri mwezi uishe, kwa sababu inaweza kuwa saratani ya mlango wa kizazi au ya mji wa mimba.

Wanaume hawana siku ya kukoma. Homoni yao ya kiume hushuka polepole kwa miongo. Ila wana kiungo kinachokwenda kinyume na vingine vingi, kinachoongezeka ukubwa wakati vingine vinasinyaa: tezi dume. Utasikia mtu akisema "mzee ana tezi dume" kana kwamba ni ugonjwa. Kila mwanaume anayo tangu kuzaliwa. Ikikua huubana mrija wa mkojo, mzee akaamka usiku mara nne na mkojo ukatoka kwa kukatikakatika. Kukua huko ni jambo moja na saratani ya tezi dume ni jingine, ingawa yanaweza kukaa kwa mtu mmoja, na anayeweza kuyatenganisha ni daktari. Muuza dawa wa stendi hawezi.

Misuli hupungua kuanzia miaka ya thelathini, kwa kasi zaidi baada ya sitini. Hapa ndipo watu hukata tamaa mapema mno. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake, Marekani, waliwachukua wazee 10 wa makao ya wazee, wastani wa umri wao miaka 90, wakawapa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki 8. Waliomaliza waliongeza nguvu ya mapaja zaidi ya maradufu. Sehemu kubwa ya tuliyokuwa tunaiita uzee ilikuwa ni kukalishwa. Nyumba nyingi zinamnyang'anya bibi ndoo na jembe kwa mapenzi, na baada ya mwaka hawezi kuinuka kwenye mkeka.

Sasa lile zito. Katika Shinyanga, Mwanza na maeneo ya jirani wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na alama iliyotajwa mara nyingi ni macho mekundu. Macho hayo yanatokana na miaka mingi ya kuinamia jiko la kuni na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Kilifi, pwani ya Kenya, wazee wenye mvi wameuawa kwa tuhuma hizo hizo, na nyuma ya tuhuma mara nyingi kuna shamba la kurithi. Mvi ni seli za rangi zilizoisha kwenye mizizi ya nywele, basi. Halafu kuna mzee anayekutwa alfajiri uani kwa watu, amevaa nusu, hajui amefikaje. Kijijini watasema ameanguka na ungo. Hospitalini wataanza kufikiria maradhi ya kupoteza kumbukumbu.

Kusahau kuna ngazi. Kusahau jina la mtu kisha likakujia ukiwa unaoga ni kawaida ya umri. Kusahau mahali ulipoweka funguo ni kawaida ya umri wowote. Kusahau funguo ni za nini, kupotea njia ya msikiti uliouendea miaka arobaini, kuuliza swali lile lile mara tano ndani ya chai moja, hiyo si kawaida ya uzee, na WHO inasema wazi kwamba maradhi haya si sehemu ya lazima ya kuzeeka. Wazee wengi hawayapati. Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta kama watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi. Na kabla ya kumpa mzee jina hilo kuna mambo yanayofanana nalo ambayo hutibika: maambukizi ya mkojo, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kufanya kazi chini ya kiwango, huzuni ya muda mrefu, dawa nyingi zinazogongana, na uziwi ambao nyumbani wanauita kuchanganyikiwa.

Hata kupima kwenyewe kulihitaji akili mpya. Vipimo vilivyotoka Ulaya na Marekani vilimtaka mzee aandike sentensi, anakili michoro na kutoa hesabu za saba saba kutoka mia moja. Mzee wa Hai ambaye hakukaa darasani angefeli siku ya kwanza bila kuumwa chochote. Watafiti waliofanya kazi huko wakatengeneza kipimo kisichohitaji kalamu: mzee anataja wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, anakumbuka orodha fupi ya maneno baada ya muda, na anapanga vijiti vya kiberiti vifanane na umbo aliloonyeshwa. Hakuna mahali anapoulizwa alizaliwa tarehe gani, swali ambalo wengi wa rika lake wangelijibu kwa kutaja mwaka wa njaa au wa nzige.